Jina la Mbunifu, Mali ya Kampuni

Hataza ya Marekani namba D504,889 ni hati fupi. Ukurasa wake wa kwanza unataja "kifaa cha kielektroniki", siku maombi yalipowasilishwa, 17 Machi 2004, na siku hataza ilipotolewa, 10 Mei 2005. Kurasa zinazofuata ni michoro mitupu: bamba jembamba la mstatili, pembe zake zimeviringwa, uso wake ni bapa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Bamba hilo linaonyeshwa kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu, kwa juu na kwa chini. Katika mchoro wa tisa yupo mtu amelishika, lakini yeye amechorwa kwa mistari ya vipande vipande. Mistari hiyo humwambia msomaji kwamba mtu huyo amewekwa ili kuonyesha matumizi tu, na si sehemu ya kinachoombewa ulinzi. Hakuna neno juu ya betri, kumbukumbu wala programu. Dai ni moja, nalo ni umbo la kifaa kama lilivyochorwa. Miaka mitano baadaye, Aprili 2010, kishikwambi cha iPad kiliingia madukani.

Juu ya michoro hiyo ipo orodha ya majina. Yamepangwa kwa alfabeti, na la kwanza ni la Bartley Andre. Ndiyo maana wanasheria wanapoinukuu hataza hii huiita "Andre na wenzake". Ukishuka na orodha unakutana na Richard Howarth, aliyezaliwa Lusaka, Zambia, na kusomea ubunifu katika chuo cha Ravensbourne, Uingereza. Unamkuta Jonathan Ive, mzaliwa wa Chingford, London. Yupo Steve Jobs mwenyewe. Yupo Duncan Kerr, na yupo Christopher Stringer aliyelelewa Uingereza, wote wawili wakiwa wamepitia Royal College of Art ya London. Kisha, kwenye mstari wake pekee, linatajwa jina la mwenye mali: kampuni ya Apple.

Mara nyingi husemwa kwamba wabunifu hawa wa Kiingereza "wanamiliki" mamia au maelfu ya hataza. Hawamiliki. Wametajwa kuwa ndio waliobuni, na mwenye mali ni mwajiri wao. Sura hii inahusu mistari hiyo miwili ya ukurasa wa kwanza: ilikotoka, inamnufaisha nani, na kwa nini naamini ule wa majina una thamani kubwa kuliko wengi wanavyoupa.

Kinacholindwa

Marekani hutoa hataza za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Hataza ya uvumbuzi hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Hataza ya umbo hulinda namna kitu kinavyoonekana.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye kompyuta ya GRiD Compass. Kampuni ya GRiD ilianzishwa California na Mwingereza John Ellenby, naye akampa kazi ya kuisanifu kompyuta hiyo Mwingereza mwenzake, Bill Moggridge, aliyekuwa amefungua ofisi huko mwaka 1979. Compass ilitoka mwaka 1982 kwa bei ya dola 8,150. Ilikuwa na kasha la magnesi, na skrini yake ililala juu ya kibodi kama kifuniko, mtindo ambao kompyuta za mkononi zinaufuata hadi leo. Kule kukunjika ni utendaji, kwa hiyo GRiD ilikulinda kwa hataza ya uvumbuzi. Kama ingetaka kulinda uwiano wa kasha, mistari yake na sura yake machoni pa mnunuzi, hapo ingehitaji hataza ya umbo.

Hataza ya umbo haidumu muda mrefu. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia 13 Mei 2015, hudumu miaka 15 tangu inapotolewa. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 14. Baada ya hapo umbo ni la umma. Ile ya bamba la mstatili ilikwisha Mei 2019. Ikishatolewa haina ada ya kuihuisha, na uzito wake wote umo katika uchoraji. Mstari mzima unasema "hiki ni changu." Mstari wa vipande vipande unasema "hiki kipo, lakini sikidai." Katika hataza D618,677 ya mwaka 2010, Apple ilidai uso wa mbele wa simu peke yake, ukiwa mweusi na wenye kung'aa, huku ubavu na mgongo ukichorwa kwa vipande vipande. Kwa hiyo mshindani hakuweza kujitetea kwa kusema mgongo wa simu yake ni tofauti, kwa sababu mgongo haukuwa sehemu ya dai. Mchoraji wa hataza akikosea mstari mmoja, ameiongeza au ameipunguza mali ya kampuni.

Agosti 1842

Mwezi mmoja wa mwaka 1842, Uingereza na Marekani zilitunga sheria za kulinda maumbo ya bidhaa. Bunge la London lilipitisha yake tarehe 10 Agosti, na ya Washington ikapita tarehe 29. Zililenga jambo moja kwa njia tofauti. Waingereza walitumia daftari la usajili, na jina lililoandikwa humo ni la mwenye haki, ambaye kwa kawaida alikuwa mwenye kiwanda. Aliyeketi na kalamu hakulazimika kutajwa. Hadi leo, anayesajili umbo Uingereza hutakiwa kumtaja mwenye mali, na anaweza kumaliza utaratibu wote bila kumtaja mbunifu.

Wamarekani waliliweka jambo hilo ndani ya sheria ya hataza, na sheria hiyo ilikuwa na kanuni yake tangu mwanzo: haki huanzia kwa mtu aliyebuni. Kampuni haina kichwa wala mkono, haiwezi kubuni. Inaweza tu kupokea haki kutoka kwa mtu. Kwa sababu hiyo kila hataza ya umbo ya Marekani ni lazima ibebe jina la binadamu, hata kama mali yote imekwisha kuhamishiwa kwa kampuni kabla wino haujakauka.

Hataza ya kwanza kabisa ya umbo ilitolewa tarehe 9 Novemba 1842 kwa George Bruce wa New York, kwa herufi za kuchapia. Bruce alizaliwa Edinburgh, Scotland, akahamia Marekani akiwa kijana na kufungua kiwanda chake mwenyewe cha herufi. Kwake yeye mbunifu na mwenye mali walikuwa mtu mmoja.

Kizazi kimoja baadaye mambo yalikuwa tofauti. George Wilkinson, mtu wa Birmingham, alivuka bahari katika miaka ya 1850 na kuwa mbunifu mkuu wa kampuni ya Gorham ya Providence, Rhode Island, iliyotengeneza vyombo vya fedha. Mtindo wake wa vijiko na uma ulioitwa Medallion, wa mwaka 1864, bado unatafutwa na wakusanyaji. Mwaka 1868 alifuatwa na Mwingereza mwingine, Thomas Pairpoint, na wawili hao walisanifu chombo kikubwa ambacho Gorham ilikipeleka kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876. Wilkinson hakuwa na kiwanda. Alikuwa na mkono uliofundwa katika mji wa mafundi wa madini, na jina lake likaingia katika hataza ambazo faida yake ilikuwa ya Gorham.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoipa Marekani kipimo cha kuamua wizi wa umbo. Gorham ilikuwa na hataza ya mwaka 1861 ya mpini wa vijiko na uma. Le Roy White wa Connecticut akatoa mipini iliyofanana nayo. Mafundi walioitwa kutoa ushahidi waliweza kuonyesha tofauti, kwa sababu jicho la fundi huona kila mkunjo. Katika hukumu ya kesi ya Gorham dhidi ya White, iliyowekwa kumbukumbu ya mwaka 1871, Mahakama ya Juu ilisema jicho linalotakiwa ni la mnunuzi wa kawaida, anayetazama kwa uangalifu wa kawaida wa mtu anayenunua. Ikiwa mfanano unaweza kumfanya anunue kimoja akidhani ni kingine, basi haki imevunjwa.

Kanuni ya fidia ilitoka kwenye mazulia. Mwaka 1885 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni ya mazulia iliyoibiwa michoro yake ilipwe senti sita, kwa kuwa haikuthibitisha ni sehemu gani ya faida iliyotokana na mchoro na si na zulia lenyewe. Watengenezaji walipiga kelele, na mwaka 1887 Bunge likatunga sheria kwamba anayeiga umbo atoe faida yote aliyoipata kwa bidhaa hiyo. Viwanda vingi vya mazulia vya wakati ule vimekwisha. Sheria yao imebaki.

Kutoka Newcastle hadi Cupertino

Swali la haki ni kwa nini Waingereza wengi namna hii. Serikali ya Uingereza ilianzisha shule ya ubunifu London mwaka 1837, ile iliyokuja kuwa Royal College of Art, kwa sababu viwanda vyake vilikuwa vikizidiwa na Wafaransa kwa uzuri wa bidhaa. Mtandao wa vyuo vya sanaa na ufundi ukaenea nchi nzima. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 viwanda vingi vya Uingereza vilifungwa, lakini vyuo vilibaki, vikaendelea kutoa wabunifu ambao nchi yao haikuwa tena na bidhaa za kutosha za kuwapa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa ilibidi wakacheze ugenini, na watunzaji walikuwa California.

Jonathan Ive ni mfano wa njia hiyo. Baba yake, Michael, alikuwa mfua fedha na mwalimu wa ufundi, kwa hiyo mtoto alikulia karibu na kazi ileile iliyompeleka Wilkinson Providence. Alihitimu Newcastle Polytechnic mwaka 1989, akajiunga na ofisi ya ubunifu ya Tangerine ya London, na humo akafanya kazi za wateja wa kila aina, vikiwemo vyombo vya bafuni. Apple ilikuwa mmoja wa wateja. Robert Brunner, aliyeongoza ubunifu wa Apple, alimwita California, na Septemba 1992 Ive akaajiriwa. Kompyuta ya iMac yenye kasha la rangi linalopitisha mwanga, iliyotangazwa Mei 1998, ilimfanya ajulikane duniani.

Kwa nini basi orodha ya hataza iwe na watu zaidi ya kumi? Stringer alilieleza hilo mahakamani San Jose mwaka 2012. Wabunifu wa Apple walikuwa kikundi kidogo, kama watu kumi na tano hivi, waliokaa kuzunguka meza moja ya jikoni ndani ya studio, wakichora, wakikosoana, kisha wakitengeneza mifano ya kushikwa mkononi, na wakirudi mezani tena na tena. Umbo lililotoka hapo halikuwa na mama mmoja. Sheria ya Marekani inataka kila aliyechangia umbo atajwe, na asiyechangia asitajwe; kosa lisilorekebishwa laweza kuiangusha hataza. Orodha ndefu ya alfabeti ilikuwa namna ya kweli ya kueleza kazi iliyofanyika hivyo. Magazeti yalimpa Ive sifa zote. Hataza ziliwapa wenzake nafasi sawa na yake.

Mistari mahakamani

Aprili 2011 Apple iliishtaki Samsung huko California. Hataza tatu za umbo zilibeba uzito mkubwa wa fidia: D618,677 ya uso mweusi wa simu, D593,087 ya uso pamoja na ukingo wake, na D604,305 ya mpangilio wa alama za programu kwenye skrini. Miongoni mwa waliotajwa katika hiyo ya tatu ni Imran Chaudhri, Mwingereza mwenye uraia wa Marekani pia. Tarehe 24 Agosti 2012 jopo la raia liliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1. Lile bamba la D504,889 halikuleta kitu: jopo lilikataa kwamba vishikwambi vya Samsung vilikuwa vimeliiga.

Kabla ya uamuzi huo, umbo hilohilo la kishikwambi lilikuwa limesajiliwa Ulaya na kufikishwa mbele ya jaji wa London. Tarehe 9 Julai 2012 Jaji Colin Birss aliamua kwamba vishikwambi vya Galaxy vya Samsung havikuvunja haki ya Apple. Alieleza kuwa havikuwa na ule usahili uliokithiri wa umbo la Apple, na kwamba havikuvutia kama hilo. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Oktoba, na Apple ikaamriwa kuchapisha tangazo la hukumu hiyo. Kwa hiyo kazi iliyotoka kwenye mikono kadhaa iliyofundwa London ilisifiwa na jaji wa London katika hukumu ileile iliyoinyima kampuni ushindi.

Kesi ya Marekani iliendelea. Sheria ya mwaka 1887 ya faida yote, iliyozaliwa na zulia, sasa iligusa simu yenye sehemu zisizohesabika ndani yake. Wabunifu zaidi ya mia moja, akiwemo Mwingereza Norman Foster na Mjerumani Dieter Rams, waliiandikia Mahakama ya Juu kuiunga mkono Apple, wakisema umbo ndilo linalomfanya mnunuzi akichukue kifaa. Tarehe 6 Desemba 2016 majaji wote wanane waliamua kwamba "bidhaa" ambayo faida yake inatolewa yaweza kuwa sehemu tu ya kifaa, wakarudisha hesabu ya dola milioni 399 chini ifanywe upya. Mei 2018 jopo jipya lilisema jumla iwe dola milioni 539, na mwezi uliofuata kampuni hizo mbili zikapatana.

Nani alilipwa

Fidia huenda kwa mwenye hataza, na mwenye hataza ni kampuni. Mbunifu aliyeajiriwa hutia saini hati mbili: kiapo kwamba yeye ndiye aliyebuni, na hati ya kuhamisha haki zake zote kwa mwajiri. Kiapo humpa jina. Hati ya pili humwachia mshahara na kile alichoelewana na mwajiri katika mkataba wake. Mwaka 2011, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya Roche, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikazia kwamba haki ya uvumbuzi ni ya mtu kwanza, na mwajiri haipati kwa kuwa tu ni mwajiri. Stanford ilishindwa kwa sababu mtafiti wake aliahidi kukipa chuo haki zake siku zijazo, kisha akatia saini karatasi nyingine iliyozihamisha papo hapo kwa kampuni. Neno moja la mkataba lilihamisha mali.

Je, wangebaki kwao wangepata zaidi? Sheria ya hataza ya Uingereza ya mwaka 1977 humruhusu mwajiriwa kudai fidia ikiwa uvumbuzi wake umempa mwajiri faida ya kipekee. Profesa Ian Shanks alibuni kifaa cha kupima sukari mwaka 1982 akiwa mwajiriwa wa Unilever, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikampa pauni milioni 2. Alikuwa amesubiri miaka mingi, lakini mlango ulikuwepo. Mlango huo ni wa hataza za uvumbuzi. Kwa umbo lililosajiliwa, sheria ya Uingereza humpa mwajiri haki bila kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo mbunifu wa umbo aliyebaki Uingereza angekosa fidia kama mwenzake wa California, na zaidi ya hapo jina lake lingeweza kukosekana daftarini.

Hapo ndipo nauona uzito wa ule mstari wa majina. Umbo likishahamishwa haliwezi kurudi; Ive alipotangaza kuondoka Apple Juni 2019, hataza zilibaki Cupertino. Alichoondoka nacho ni ustadi wake, na kumbukumbu ya umma isiyofutika kwamba kazi zile zilikuwa zake na za wenzake. Mei 2025 kampuni ya OpenAI ilitangaza kuinunua io, kampuni changa ambayo Ive ni mmoja wa waanzilishi wake, kwa takriban dola bilioni 6.5. Kampuni hiyo ilikuwa haijauza bidhaa hata moja. Kilichonunuliwa ni watu na rekodi yao. Kwa Ive magazeti yangetosha kueleza rekodi hiyo. Kwa mbunifu asiyeandikwa magazetini, hataza ndiyo ushahidi alionao, na mwajiri hawezi kuukana.

Kanuni hii ya Marekani sasa inavuka mipaka. Tangu 13 Mei 2015 Marekani imo katika Mkataba wa Hague, unaomwezesha mtu kusajili umbo katika nchi nyingi kwa maombi yanayopitia Geneva. Anayeitaja Marekani miongoni mwa nchi anazotaka ulinzi ni lazima amtaje mbunifu na alete kiapo chake. Rwanda imo katika mkataba huo tangu 2011. Kampuni ya Kigali inayotaka kulinda kiti, taa au chombo chake katika soko la Marekani haiwezi kumficha kijana aliyekichora.

Naona sheria zetu na za Uingereza zichukue kanuni hiyo: umbo lisisajiliwe bila jina la aliyelibuni. Haigharimu mwajiri shilingi, na humpa mfanyakazi kitu ambacho mshahara haukipi. Na kwa mbunifu kijana anayeitwa na kampuni kubwa, ya nchini au ya ng'ambo, ushauri ni wa vitendo. Kabla ya kutia saini, isome hati ya kuhamisha haki neno kwa neno, uone inachukua nini, kuanzia lini, na kama inagusa kazi unazofanya nje ya ajira. Bei ya kuhamisha umbo hujadiliwa kabla ya saini. Baada yake huna cha kujadili. Kisha hakikisha jina lako limeandikwa, na la kila mwenzako aliyeketi nawe mezani.